Dumu la Njano Laingia Makumbusho

Dumu la njano la lita 20 huingia nyumbani likiwa limejaa mafuta ya kupikia, na likishaingia ni nadra kutoka. Mafuta yakiisha litaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha litaanza safari za bombani na kisimani: kichwani, begani, kwenye baiskeli, kwenye mkokoteni. Likipata ufa litabadilishiwa kazi. Litawekwa kijiweni liwe kiti cha dereva wa bodaboda, litakatwa ubavu liwe chombo cha kunyweshea kuku, au litajazwa udongo lioteshwe mchicha. Wapo watoto Afrika Mashariki wanaobeba madumu yaliyowazidi umri.

Huko Accra, Ghana, dumu hilohilo lina jina la rais. Katika miaka ya utawala wa John Kufuor, kati ya 2001 na 2009, shida ya maji ilipowabana wakazi wa jiji, madumu ya njano yaliyokuja na mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo yaligeuka vyombo vya foleni ya maji, na watu wakayaita magaloni ya Kufuor. Serge Attukwei Clottey, aliyezaliwa Accra mwaka 1985, aliyakuta yamezagaa katika mtaa wake wa Labadi, akaanza kuyakata. Huyakata vipande vidogo vya pembe nne, huvitoboa pembeni na kuviunga kwa waya mpaka viwe shuka moja kubwa, linaloweza kufunika ukuta wa nyumba. Mengine ameyatandaza kwenye vichochoro vya Labadi penyewe, wakazi wakapita juu yake wakienda kwenye shughuli zao. Mtindo huo ameubatiza Afrogallonism.

Mtu akisogea karibu na shuka hilo ataona kile ambacho Clottey hakutaka kukifuta. Plastiki imepauka kwa jua upande mmoja na kubaki ya njano upande wa pili. Kuna mikwaruzo ya sakafu ya saruji, kuna mabaki ya maandishi ya kiwandani. Kwa mbali ni kitambaa; kwa karibu ni maisha ya mtaa mzima uliowahi kupanga foleni alfajiri.

Ukivuka Togo kuelekea mashariki unafika Benin, na huko dumu lina kazi nyingine kabisa. Hubeba petroli ya magendo inayotoka Nigeria. Wasafirishaji huyapasha madumu moto ili plastiki itanuke na kuingiza lita nyingi kuliko alizokusudia mtengenezaji, kisha huyafunga kwa makumi kwenye pikipiki moja. Dumu lililotanuliwa hivyo huwa jembamba, na jembamba huweza kupasuka wakati wowote, dereva akiwa amelipakata. Romuald Hazoumè, mzaliwa wa Porto-Novo wa mwaka 1962, alianza kuyatazama madumu hayo miaka ya 1980 na akaona sura za watu. Mdomo wa dumu ukawa mdomo wa mtu, kishikio kikawa pua, na vilivyobaki, yaani nywele na chale na mapambo, akaviongeza kwa vitu vya kuokota. Barakoa zake huchekesha kwanza. Ukikaa nazo kidogo huacha kuchekesha.

Kazi yake kubwa kuliko zote inaitwa La Bouche du Roi, jina la mahali kwenye pwani ya Benin ambako watumwa walipakiwa melini. Aliifanyia kazi kati ya 1997 na 2005. Ni barakoa 304 za madumu zilizopangwa chini kwa umbo la meli, kwa kufuata mchoro maarufu wa meli ya Brookes ya Liverpool, ule uliochapishwa mwishoni mwa karne ya 18 kuonyesha jinsi watu walivyolazwa ubavu kwa ubavu kama shehena. Hazoumè hakuishia kwenye umbo. Aliweka sauti za kunong'ona, akaweka harufu za tumbaku, viungo na kinyesi, na video ya waendesha pikipiki wa petroli wa leo. Jumba la Makumbusho la Uingereza liliinunua na kuizungusha katika miji ya nchi hiyo kuanzia mwaka 2007, Waingereza walipokuwa wakiadhimisha miaka 200 tangu bunge lao lipige marufuku biashara ya watumwa. Nyuma ya meli, panapokaa wenye amri, kuna barakoa mbili: moja ya njano na moja nyeusi. Nyeusi ni ya mfalme wa nyumbani. Maadhimisho yale yangekuwa mepesi zaidi bila barakoa hiyo, na ni sifa kwa msanii kwamba hakuiacha.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kwenda London kuelewa. Mkunazini, Unguja, katika uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, kuna shimo la mstatili lenye sanamu za watu watano waliosimama. Zilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Miili ni ya saruji. Mnyororo uliowafunga shingoni ni wa chuma halisi, na waongozaji wa watalii huwaeleza wageni kwamba ni wa enzi zile. Wageni hutazama nyuso kwa muda, kisha macho yao huhamia kwenye mnyororo na kubaki hapo. Saruji imefinyangwa ifanane na kitu. Mnyororo ndio kitu chenyewe.

Nguvu ya sanaa hii iko hapo. Mchongaji wa mpingo huanza na gogo lisilowahi kuwa chochote ila mti. Anayeanza na dumu, panga, kijiko au mnyororo hupokea kitu ambacho tayari kimeshikwa, kimetumika, kimemuumiza au kumlisha mtu. Kazi ikifanikiwa, historia hiyo hubaki ikisikika chini ya umbo jipya. Isipofanikiwa, tunabaki na pambo la sebuleni.

Ajabu ni kwamba sifa ambayo kazi hizi hupewa mara nyingi, kwenye hotuba za ufunguzi wa maonyesho na kwenye vipeperushi vya wafadhili, ni moja tu: zinasafisha mazingira. Hesabu yake haikubali. Jiji la Nairobi pekee huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku, na dampo la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na hadi leo malori yanamwaga. Msanii anayeondoka hapo na gunia la makopo hajapunguza chochote. Kumsifu kwa usafi ni kumpa kazi ya halmashauri na kumnyang'anya ya kwake.

Cyrus Kabiru alizaliwa Nairobi mwaka 1984 na kukulia Korogocho, jirani na dampo hilo. Simulizi yake ya utotoni ameieleza mara nyingi hadharani: alitamani sana miwani, baba yake hakutaka kumpa, akamwambia kama anaitaka ajitengenezee. Akajitengenezea, na hajaacha. Miwani yake, anayoiita C-Stunners, hutengenezwa kwa nyaya, vijiko, uma, vizibo vya chupa, vipande vya redio, matundu ya chujio, na chochote kingine kilichoangukia mikononi mwake. Nyingine haimwachii mvaaji nafasi ya kuona hata kidogo. Huzivaa mwenyewe na kupigwa picha, kwa hiyo kazi moja huwa vitu viwili: sanamu ya kuvaliwa na picha ya mtu aliyeivaa, akikutazama kupitia vyombo vya jikoni mwako.

Miwani hiyo imefika mbali. Jumba la Zeitz MOCAA la Cape Town, lililofunguliwa mwaka 2017 ndani ya ghala la zamani la nafaka, lina kazi zake. Lakini kazi ya Kabiru inayomgusa zaidi mtu wa huku pengine ni ile ya baiskeli. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma yenye keria ya nyuma, iliwapeleka watu shambani, posta na hospitali kwa vizazi viwili. Ilibeba magunia ya mkaa, makreti ya maziwa, wagonjwa na mabibi harusi. Kisha bodaboda zikaja. Kabiru aliona Black Mamba zinatoweka na akaanza kuzikusanya, akazifumua na kuziunda upya kuwa sanamu zisizopandika. Baada ya hapo akageukia redio, zile za mbao na plastiki ambazo familia nzima ilizizunguka jioni kusubiri taarifa ya habari. Ukizifuatilia kazi hizi kwa mpangilio wake, unaona mtu anayeandika kumbukumbu za nyumba ya Mkenya, chombo baada ya chombo, kila kimoja wakati kinapotoka mlangoni.

Wanaopenda historia ya sanaa ya Ulaya watakumbusha kwamba Marcel Duchamp alikwisha kupachika gurudumu la baiskeli juu ya stuli ya jikoni mwaka 1913, na kwamba mwaka 1942 Pablo Picasso aliunganisha tandiko na usukani wa baiskeli akapata kichwa cha fahali. Ni kweli. Lakini si lazima ukoo wa wasanii hawa uanzie Paris. Wakongo wa karne ya 19 walitengeneza minkisi, sanamu za mbao zilizopigiliwa misumari, vyembe na vioo vilivyokuja na merikebu za biashara, kila msumari ukiwa na kiapo au shauri lake. Na kwetu pwani, karne kadhaa kabla ya hapo, wajenzi wa makaburi ya nguzo walichukua mabakuli na sahani za kaure kutoka China, vyombo vya kulia chakula, wakavipachika kwenye nguzo za mawe na chokaa juu ya kaburi la mtu mwenye jina. Vilikuwepo Mambrui, karibu na Malindi, na Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam. Vingi vimeng'olewa, na mahali pake pamebaki mashimo ya duara. Sahani iliyotoka mezani kwenda kaburini haikuwa taka, bila shaka; ilikuwa mali. Hata hivyo aliyeipachika alijua jambo ambalo Duchamp alilisisitiza baadaye: chombo kikihamishwa mahali pake hubadilika maana bila kubadilika umbo.

Kuna chimbuko jingine la karibu zaidi, nalo ni nadra kutajwa katika vitabu vya sanaa. Kamukunji mjini Nairobi na Gerezani mjini Dar es Salaam, nyundo huanza mapema. Pipa la mafuta linafunguliwa, linanyooshwa, linakuwa jiko, beseni, sanduku la mwanafunzi wa bweni. Kopo la maziwa ya unga linatiwa utambi na kuwa kibatari. Watoto wanachonga magurudumu kutoka kwenye ndala iliyokatika, wanapinda waya kuwa lori, na lori lina usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji uliobeba jina lake, alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akichora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao za dari. Hakuwa na nadharia ya vifaa vilivyokutwa. Alitumia kilichouzwa dukani kwa bei aliyoimudu.

Katika udongo huo ndimo alimotokea Kioko Mwitiki, mmoja wa waliotangulia Nairobi kuunda wanyama wa ukubwa halisi kwa vyuma chakavu: tembo wa mabati ya magari, simba wa minyororo na gia. Waliomfuata ni wengi, na leo ni vigumu kupita kwenye hoteli ya kitalii Kenya au kaskazini mwa Tanzania bila kukutana na twiga wa chuma. Ni ufundi, tena wa hali ya juu. Lakini kwa baadhi ya twiga hao chuma kingeweza kuwa kipya na kisingepunguza wala kuongeza kitu. Hapo ndipo kipimo kinapofaa kutumika: je, ukiondoa historia ya kifaa, kazi inabaki vilevile?

Dickens Otieno anakijibu kipimo hicho vizuri. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikua akiona vitambaa vikikatwa na kuunganishwa. Kitambaa chake ni makopo ya soda na bia. Huyapasua, huyanyoosha, huyakata kuwa kanda nyembamba, kisha huzisuka kwenye wavu wa chuma wa aina inayotumika kuanikia kahawa. Zinatoka nguo zisizovalika, na mandhari za mitaa na mashamba zilizojaa rangi ambazo hakuna mchoraji aliyezichanganya: nyekundu, kijani na fedha za viwanda vya vinywaji, zikiwa zimekatwa vipande hivi kwamba maandishi hayasomeki lakini unayatambua. Mwaka 2022 Otieno alikuwa mmoja wa wasanii wanne waliowakilisha Kenya kwenye maonyesho ya Venice, yaliyosimamiwa kwa upande wa Kenya na Jimmy Ogonga. Haikuwa jambo dogo. Mwaka 2013 banda la Kenya huko Venice lilikuwa limejaa wasanii wa China kuliko Wakenya, na mwaka 2015 orodha ya namna hiyohiyo ilizua ghadhabu kubwa hadi serikali ikajitenga nayo. Nchi iliyowahi kuazima wasanii ilirudi na mtoto wa fundi cherehani na makopo yake.

Anayesuka makopo hawezi kukwepa kivuli cha El Anatsui. Mzee huyu alizaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944, na tangu mwaka 1975 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Alikuwa mchongaji wa mbao na udongo. Vyombo vya nyumbani vilimvuta polepole. Mwaka 1999 alitumia vifuniko vya makopo ya maziwa ya Peak, yanayofahamika katika kila duka Afrika Magharibi, na mwaka 2000 akajenga ukuta kwa mabati chakavu yenye matundu, yale ya kukwangulia muhogo wa kutengenezea chakula kiitwacho gari. Katika miaka hiyohiyo aliokota mfuko uliotupwa, ndani yake mkiwa na vizibo na kanda za alumini zinazofunga shingo za chupa za pombe kali. Akakaa nao kwa muda bila kujua la kuufanyia.

Kilichotoka humo kimemfikisha karibu kila jumba kubwa la sanaa duniani. Kanda zinanyooshwa, zinakunjwa, zinapindwa, zinatobolewa na kufungwa kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, na vijana wengi wa Nsukka wamepata kibarua katika karakana yake. Matokeo ni shuka la chuma linalomeremeta, ambalo wengi hulifananisha na kente ya nyumbani kwao. Halina umbo moja. Kila linapotundikwa, mafundi wa jumba husika huruhusiwa kulikunja watakavyo, kwa hiyo kazi iliyoonekana kama bahari mwaka huu inaweza kuonekana kama pazia mwaka kesho. Mwaka 2015 Venice ilimtunuku Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yake yote, na kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 mashuka yake yalining'inia katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London.

Wakosoaji wavivu humwita mfalme wa urejelezaji, neno ambalo yeye mwenyewe halipendi. Ana haki. Kizibo cha pombe kali Afrika Magharibi hakikuokotwa kwa bahati nasibu tu. Pombe ilikuwa mojawapo ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta pwani ile kubadilishana na watu. Baadhi ya chapa za pombe zinazosomeka kwenye mashuka yake bado zina harufu ya historia hiyo. Shuka likipoteza maandishi hayo litabaki kuwa zuri, ila halitakuwa na la kusema.

Nchini Zimbabwe, Moffat Takadiwa, aliyezaliwa mwaka 1983, anafanya kazi Mbare, Harare, katika jengo lililokuwa ukumbi wa bia wa wakati wa ukoloni. Vifaa vyake ni vitufe vya kibodi za kompyuta, miswaki iliyochakaa, vifuniko vya dawa ya meno. Mswaki ni kifaa ambacho hakuna anayekiazima kwa mwenzake. Kuona maelfu ya miswaki iliyotumika imepangwa kuwa zulia la rangi ni kuona midomo ya watu wasiojulikana. Vitufe vya kibodi navyo vina herufi, na Takadiwa huzivuruga zisisome Kiingereza wala chochote.

Msumbiji mambo yalikuwa mazito zaidi. Vita vya huko viliisha mwaka 1992 na kuacha silaha zimefichwa mashambani na darini. Mwaka 1995, chini ya Baraza la Kikristo la Msumbiji na Askofu Dinis Sengulane, ulianza mpango wa kubadilishana: lete bunduki, chukua cherehani, baiskeli, jembe au mabati. Bunduki zilikatwakatwa, na vipande vikakabidhiwa kwa wasanii wa Maputo. Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, alitengeneza kiti cha enzi mwaka 2001 kwa vipande hivyo. Sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, pamoja na Mti wa Uzima alioutengeneza na wenzake watatu, mti wa mita tatu na nusu ambao majani yake na ndege wake ni mabaki ya silaha. Kwenye mgongo wa kiti, matako ya bunduki mbili yana matundu yanayofanana na nyuso zinazotabasamu. Kester hakuzichonga nyuso hizo, alizikuta. Bunduki zote za kiti hicho zilitengenezwa nje ya Afrika.

Kinshasa, Freddy Tsimba, aliyezaliwa mwaka 1967 na kusomea uchongaji katika chuo cha sanaa cha jiji hilo, aliacha shaba ya kuyeyusha akaanza kuokota maganda ya risasi, hata kutoka Kisangani na sehemu nyingine za mashariki ya nchi zilizokumbwa na mapigano. Anayachomelea kuwa miili ya wanawake wajawazito, watu walioinua mikono, watu wasio na vichwa. Amefanya vivyo hivyo kwa vijiko, uma, funguo na mitego ya panya. Kazi yake moja ni nyumba ya mapanga 999, kubwa kiasi cha mtu kuingia. Panga ni kifaa cha kila kaya ya Kongo, Rwanda na Burundi, la kufyeka shamba na kukata kuni, na kwa msomaji wa nchi hizo tatu hakuna haja ya maelezo zaidi.

Pwani ya Kenya nayo ina visa vyake viwili, na vinafaa kutazamwa kwa jicho la tahadhari. Cha kwanza ni cha ndala. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari Julie Church aliona watoto wakichonga vinyago kutoka ndala zilizoletwa na mawimbi. Wazo hilo lilikua likawa kampuni, Ocean Sole, ambayo mafundi wake jijini Nairobi huosha ndala, huzigundisha tabaka juu ya tabaka hadi ziwe bonge, kisha huchonga kwa kisu na kusugua. Hutoka kasa, kifaru, hata tembo wa ukubwa halisi. Ajira ipo, ufuo umepungua ndala kidogo, na tembo wa rangi saba anapendeza. Ila ndala imeshafutika. Ni mistari tu ya rangi, na mnunuzi wa Ulaya hawezi kujua kwamba kila mstari uliwahi kukanyaga sakafu ya mtu.

Cha pili ni Flipflopi, jahazi la plastiki. Wazo lilikuwa la Ben Morison mwaka 2016; aliyelifanya liwezekane ni Ali Skanda wa Lamu, fundi wa majahazi na mchongaji. Plastiki ya ufukweni, karibu tani 10, iliyeyushwa na kugeuzwa mbao, mataruma na mkuku, ikakatwa na kuunganishwa kwa zana zilezile za kujengea jahazi la mbao. Ndala zipatazo 30,000 zikabandikwa ubavuni. Chombo cha karibu mita 9 kilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi, kikitia nanga bandari kwa bandari. Waanzilishi wake hukiita kampeni. Lakini kina kile ambacho tembo wa ndala hana: ndala zinaonekana ni ndala, kanda zikiwa zimekatika, na zinakwenda baharini kwa hiari baada ya kuwa zimetoka humo kwa kutupwa. Na kinaelea. Mafundi wa Lamu walikuwa na shaka, kama ambavyo fundi yeyote angekuwa nayo akiletewa taruma la plastiki.

Majumba ya makumbusho yanayonunua kazi hizi sasa yana kibarua ambacho watunzaji wa shaba na marumaru hawakukijua. Plastiki ya dumu hupauka na kuwa kavu ikipigwa na mwanga, mpira wa ndala hugeuka ungaunga, gundi huachia, chuma chakavu kilichokuja na kutu yake huendelea kula. Kwenye sanamu ya kawaida kutu ni adui. Hapa ni sehemu ya kazi, na mtunzaji lazima aamue ni kutu ipi ya msanii na ipi ya jana.

Kwa wasanii wenyewe tatizo ni bei. Chuma chakavu ni biashara kubwa, kiasi kwamba Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha nchini Kenya baada ya nguzo za umeme na reli kuhujumiwa, na ikafunguliwa tena miezi michache baadaye. Alumini nayo hutafutwa sana. Anatsui, aliyeanza na mfuko wa kuokota, baadaye ilibidi anunue vizibo kutoka viwanda vya pombe na kwa wakusanyaji. Makopo ya soda Nairobi yana wateja wake wa siku zote: mwokotaji huyakanyaga yawe bapa, huyajaza kwenye gunia na kuyapeleka kupimwa kwa kilo, na kopo lililokanyagwa halifai tena kusukwa. Msanii anayelitaka zima lazima afike kabla ya mzani, na alipe zaidi.